Mbuzi wa Ntheo, Barabara ya Mutomo

Nzioka hakuwa mtu wa kumwamini mtu. Ukimsalimia asubuhi alijiuliza unataka nini, na usipomsalimia alijua umeshachukua. Mlango wa nyumba yake, nje kidogo ya Kibwezi, ulikuwa na kufuli tatu. Majirani walisema moja ni ya wezi, ya pili ni ya ndugu zake, na ya tatu ni ya kumzuia Nzioka mwenyewe asijiibie. Walicheka, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia kile kitanda ni mkewe, Kasyoka, na yeye hakuwa akicheka.

Nimesema mkewe. Hapo ndipo penye kisa. Mkamba anaweza kukaa na mwanamke hadi wote wawili waote mvi, wakazaa watoto wa kujaza darasa, lakini kama hajapeleka kwa wazazi wa mwanamke mbuzi watatu wa ntheo, huyo bado ni binti wa watu aliyekuja kutembea akachelewa kurudi. Akifa, watu wa kwao watamfuata wamzike kwao. Binti zake wakiolewa, huyo mwanamume hana ruhusa ya kuonja mahari yao. Aliyepeleka mbuzi ndiye mwenye mke, na mwenye mke ndiye mwenye watoto. Nzioka hakuwahi kupeleka hata kwato.

Si kwamba alikosa mbuzi. Alikuwa dereva wa lori la pamba miaka ile ya baada ya uhuru, akibeba magunia kutoka Mutomo na Ikutha hadi reli ya Kibwezi, na mshahara wake ulikuwa wa kutosha. Huko Mutomo, kwenye uwanja wa ngoma, ndiko alikompata Kasyoka. Akamleta nyumbani kwa mama yake, Syokau. Lakini mimba ilipoonekana, Nzioka alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akiondoa safari zake na kuongeza siku za mvua lori lilipokwama. Hesabu haikumpendeza. Kulikuwa na karani mmoja wa kupima pamba, Ndululu, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, ambaye siku moja alimpisha Kasyoka kivulini. Hilo tu. Nzioka akasema mbuzi watasubiri mtoto azaliwe amwone masikio. Mtoto, Mbula, akazaliwa na masikio kama ya watu wote. Akasema watasubiri atembee, amwone miguu. Mbula akatembea, akakimbia, akaenda shule, akawa mwalimu. Watu walipomwita Nzioka "Baba Mbula", yeye alisikia kama wanamchokoza.

Sasa ilikuwa 1988, na mwana wa Mathenge, mwenye duka la misumari na mabati pale Kibwezi, alitaka kumwoa Mbula. Akina Mathenge ni watu waliotoka Nyeri na mali yao, na walishatuma habari kwamba wanakuja na ng'ombe. Nzioka aliposikia ng'ombe, alikumbuka ntheo. Siku ya soko alinunua mbuzi watatu, akawafunga nyuma ya pikapu yake kuukuu, akamwambia Kasyoka, "Kesho twende kwenu."

"Twende," Kasyoka akasema.

Hakushangaa wala kushukuru, na hilo lilimnyima Nzioka usingizi.

Hakuchukua wazee wa ukoo, ingawa ntheo hupelekwa na wazee. Aliwashuku watataka nyama njiani na nauli ya kurudi. Wakatoka wawili, wakaingia barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inayovuka mto Athi. Zamani alikuwa akipita hapo malori yakifuatana, vumbi la moja likimwangukia mwenzake. Sasa waliendesha mwendo mrefu bila kukutana na gari.

Kabla ya Ikutha walisimama Kwa Kalondu, mahali palipoitwa jina la mwenye hoteli. Enzi za pamba palikuwa na stoo kubwa ya mabati, duka la Mhindi, gramafoni, na chapati za kupanga foleni. Mhindi alikuwa ameondoka. Stoo ilikuwa imeng'olewa mlango, na kwenye bamba la mizani walilala mbwa. Uwanja wa ngoma nyuma ya hoteli ulikuwa umejengwa kanisa, na waumini walikuwa wameapa kwamba miguu yao haikuwahi kucheza pale. Nzioka alisimama akitazama, akaona huzuni, kisha akaishuku ile huzuni.

Kalondu mwenyewe alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amezeeka, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Kasyoka! Wewe umepotea hivyo? Na leo tena ni mbuzi?"

"Leo tena," Kasyoka akajibu.

Chai ilimpalia Nzioka. Aliingoja ipoe huku akili yake ikichemka. Walipoingia garini hakuvumilia.

"Ulipita hapa na mbuzi lini?"

"Zamani."

"Na nani?"

"Na mwenye mbuzi."

"Mwenye mbuzi ni nani, Kasyoka?"

"Wewe endesha. Tukifika utaambiwa na wazee."

Aliendesha, lakini hakuiona barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na nguo hii ameivaa zaidi ya miaka ishirini. Mwanaume mwingine alipeleka ntheo! Yeye amelisha, amesomesha, ameezeka nyumba, na kumbe mwenye mke yuko mahali anangoja ng'ombe wa Mathenge. Kila kijiji walichopita alikiona kimejaa mashahidi. Mzee aliyewapungia mkono pale Ikutha, kwa nini alipunga? Fundi baiskeli aliyekaa chini ya bango lililopauka la sabuni, alikuwa anamcheka nani? Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Alikuwa anaogopa kurudi nyumbani bila mke.

Walifika Mutomo jua likiwa bado juu. Baba yake Kasyoka, mzee Ndeti, alikuwa ameketi uani pamoja na mwanawe Kivuva na wazee wawili wa jirani. Wakasalimiana kwa mikono, wageni wakaletewa viti na uji. Nzioka aliushika uji asiunywe.

"Wazee wako wako wapi?" Ndeti akauliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Shemeji," Kivuva akasema, "mtu akija na mbuzi bila wazee, huyo ni mchuuzi. Unauza hizi mbuzi pesa ngapi?"

Wazee wakacheka. Nzioka hakucheka.

"Nimeleta ntheo ya Kasyoka."

Kicheko kikaisha. Ndeti aligeuza uso wake upande wa binti yake, kisha upande wa Nzioka.

"Ntheo ya Kasyoka tulikula," akasema. "Zamani."

Nzioka akasimama, uji ukamwagika. "Nilijua! Ni Ndululu!"

Wazee wakatazamana.

"Ndululu ni nani?" Ndeti akauliza.

Hakuna aliyemjua. Kasyoka aliinamisha kichwa, si kwa aibu. Alikuwa amechoka, kama mtu aliyebeba mtungi safari nzima na kuambiwa ni mtupu.

"Mbuzi zililetwa na Syokau," Ndeti akasema.

"Syokau gani?"

"Kwani wewe una mama wangapi?"

Nzioka akakaa. Ndeti alimweleza bila haraka. Mbula akiwa bado ananyonya, na Nzioka yuko safarini na lori, mama yake alikuja na Kasyoka, na mzee mmoja wa ukoo wao, sasa marehemu, na mbuzi watatu. Alisema mwanawe anamkataa mtoto, na yeye hawezi kulala na mjukuu asiye na nyumba. Kwa hiyo anamwoa Kasyoka yeye mwenyewe, kwa nyumba yake. Hiyo ni desturi ya Wakamba tangu zamani. Mama mwenye nyumba anaweza kuoa mke, huyo mke huitwa iweto, na watoto wake ni wa ile nyumba. Hakuna anayehesabu miezi.

"Tulikula mbuzi zake, tukambariki," Ndeti akasema. "Alituambia hivi: mwanangu akileta mbuzi wake siku moja, mwambieni. Asipoleta, nyamazeni."

Mama yake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Nzioka alimkumbuka akiwa kitandani, akimwosha Mbula uso kwa kiganja na kumwita "mtoto wangu". Wakati huo aliona ni maneno ya wazee. Alimkasirikia mama yake, na papo hapo akamtamani, na macho yakamwasha.

"Basi mimi ni nani?" akauliza.

"Hilo si langu," Ndeti akasema. "Syokau hayupo. Mwenye ile nyumba sasa ni Kasyoka. Yeye akisema mbuzi zishuke, tutaita wazee wako, tutakula kwa jina lako, na utakuwa bwana wake mbele ya watu. Akisema zisishuke, hazishuki."

Wote wakamgeukia Kasyoka. Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Nzioka, Mbula ni mtoto wa nani?"

Swali jepesi. Jibu lake Nzioka alikuwa nalo. Alilijua tangu siku moja alipomwona Mbula, akiwa msichana wa shule, akikagua kufuli ya sanduku lake mara mbili na kurudi kuikagua tena. Alijua damu ile ni ya nani. Lakini aliinua macho, akamwona Kivuva ameegemea mbele, akaona wazee wakisikiliza, na mazoea ya maisha yake yote yakamrudia. Kwa nini wanauliza sasa? Akisema ni wake, si watamtoza faini ya miaka yote aliyomkana? Wamepanga. Wamekaa hapa wakapanga.

"Hiyo nitajibu," akasema, "mbuzi zikishashuka."

Mzee mmoja akatoa mguno. Kivuva akaangalia chini. Kasyoka aliinuka, akamshika baba yake mkono kwa kumuaga, akawaaga wazee mmoja mmoja, akatembea hadi kwenye pikapu. Hakukuwa na mtu wa kumzuia, wala wa kumwambia Nzioka abaki.

Walipofika barabarani mbuzi walikuwa wakilia nyuma. Nzioka akauliza bila kumtazama.

"Akina Mathenge wakija, nani atapokea ng'ombe?"

"Mimi."

"Na mimi siku hiyo nitakaa wapi?"

Kasyoka alifikiri kidogo, kama mama mwenye nyumba anayepanga viti.

"Na wageni," akasema.