Chumvi ya Ng'ombe wa Mzee

Kazi yangu hapa Bariadi ni kugeuza ugonjwa kuwa msimbo: herufi na namba chache za kuingiza kwenye kompyuta ya hospitali. Sikuisomea. Nilijifunza kwa simu, nikirudia video zilezile hadi dada yangu akanifukuza chumbani. Labda ndiyo maana sifungi jalada bila kulifungua tena.

Asubuhi moja nilikuwa na jalada la mwanamke wa rika langu kutoka Kimali, kule Meatu, ananyonyesha. Shingo imevimba kidogo, utendaji wa tezi umeanza kulegea. Kwenye sababu daktari aliandika upungufu wa madini joto, kisha akaweka alama ya kuuliza. Alama hiyo ilinifunga mikono. Ugonjwa wenye sababu hiyo una msimbo wake, E02, lakini jambo la kukisia siruhusiwi kuliandika kama limethibitishwa. Ningeweka msimbo usiotaja sababu, naye angerudi kwenye chumvi ileile, huenda isiyo na madini hayo, yeye na mtoto anayemnyonya.

Nikamwita dirishani, nikamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu. Nyumbani mnatumia chumvi gani?"

"Ya pakiti. Hata daktari nimemwambia."

Basi, ya pakiti imeshatiwa madini joto. Nikageukia kompyuta. Mama mkwe wake, aliyempakata mtoto kwenye benchi, akacheka.

"Si useme yote! Ya pakiti wanalamba ng'ombe wa mzee. Sisi tunakula ile ya ziwani."

"Mama, jamani!"

"Kwani uongo? Anasema ile nyeupe inaongeza maziwa. Ng'ombe wanakula kama mabosi."

Sababu ndiyo hiyo, lakini kufuta ile alama hakukuwa kazi yangu. Nilifika mlangoni kwa daktari, nikaondoka, nikarudi. Niliogopa ataniuliza nimesomea wapi. Nilipomweleza, hakuuliza. Aliwaita wote wawili ndani, akazungumza nao kuhusu chumvi, akaandika upya bila alama ya kuuliza.

Nikaingiza E02. Nikakagua. Nikakagua tena. Nje ya dirisha waliendelea kubishana.

"Sasa mzee tutamwambiaje?"

"Utamwambia wewe, ndiye mumeo. Mimi mkwe namsemeshaje?"

"Haya. Wewe ficha pakiti, mimi nitafute maneno."

Wakaondoka kutafuta gari la Meatu. Jalada liko sawa, najua. Lakini mchana nililifungua tena, na jioni kabla ya kuzima kompyuta nikalifungua tena, kana kwamba humo ningeona ile pakiti inamiminwa wapi: chunguni, au zizini.