Bati Nyuma ya Kisu

Sijawahi kuona kinyaa kama cha mate ya baba mkwe wangu. Nasema hivyo kwa heshima zote, na kama mwenyewe atasomewa haya, shikamoo baba, lakini mate yako yananichefua mpaka leo.

Karakana yake iko mtaa wa Lizaboni, nyuma ya nyumba yake, bati juu na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Tunatengeneza milango ya paneli, ya mninga kwa wenye uwezo na ya paini kwa sisi wengine. Mashine yetu kubwa tunaiita spindo. Ni meza ya chuma yenye mhimili uliosimama wima katikati, na kwenye mhimili huo visu viwili vimebanwa kati ya sahani mbili za chuma. Ukipitisha ubao hapo unatoka na mfereji wa kushikia paneli, na urembo wake pembeni. Ukizembea, unaacha vidole.

Sheria ya visu hivyo hata mwendawazimu anaielewa. Viwe pacha: unene mmoja, uzito mmoja, na vichomoze sawasawa. Kimoja kikizidiwa unene hata kwa kiasi cha karatasi, zile sahani zinabana kile kinene tu, na chembamba kinabaki kimejikalia kama mgeni asiyekaribishwa. Mashine ikishika kasi, mgeni anaondoka.

Sasa njoo kwa baba. Kisu kimoja ni cha dukani. Cha pili kilipovunjika akachonga mwenyewe kingine kutoka springi ya lori, kikatoka chembamba, basi akakata kipande cha bati la kopo na kukipachika nyuma yake kijaze nafasi. Na ili bati lisidondoke wakati anakaza nati, analigandisha kwa mate. Mate ya ugoro! Analikoroga bati mdomoni pamoja na ugoro wake, analitoa na uzi mweusi wa ute unaning'inia, analipachika, halafu anafuta vidole kwenye mbao za mteja. Kisha ananiambia, "Haya mwanangu, sukuma." Na anayesimama mbele ya visu ni mimi, tumbo langu likiwa usawa wa mhimili.

Mtu wa kwingine atauliza mbona sikusema. Kwetu mkwe hasahihishwi. Humkazii macho, hupishani naye mlangoni, na chombo alichokishika hukigusi mpaka akitue chini mwenyewe. Ukimkosea, unaleta kuku. Nilijaribu kwa njia ya adabu: nikamwambia mke wangu, mke akamwambia mama yake, mama akamwambia mzee. Jibu likarudi kwa njia ileile: "Mwambieni bati hilo lina umri mkubwa kuliko ndoa yake."

Mtu mzima na ndevu zangu, kila asubuhi nikawa nasukuma mbao nimejipinda upande kama mwenye tumbo la kuhara, na kila mteja anayeingia anasema, "Mzee huyu anaijua kazi." Anajua nini! Watu wetu wakiona mvi wanadhani hata chuma kitaziamkia.

Siku yenyewe tulikuwa na mlango wa mninga. Nilikuwa katikati ya ubao niliposikia mlio umebadilika, mashine ikawa kama mtu anayesaga meno usingizini. Bati likaruka likaanguka mezani, limelowa. Kabla sijaondoa mkono, kile kisu cha springi kikachomoka. Kilinipita ubavuni, kikachana ovaroli, kikazama nusu nzima kwenye fremu iliyoegemezwa ukutani. Ngozi yangu hakikuigusa, na sijui kwa nini.

Nikazima mashine. Nageuka, baba ameshainama anaokota bati lake. Akalipangusa kwenye suruali, akalirudisha mdomoni!

"Halikukaa vizuri tu," akasema, spana mkononi.

Nikampokonya ile spana. "Baba, utaniua! Toa uchafu huo mdomoni!"

Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari moja: mkwe kapokonya spana. Kisu hakuna aliyekiulizia. Kilikuwa bado kimekwama kwenye fremu palepale, na mjomba wa mke wangu, aliyekuja kutusuluhisha, akaona pazuri akatundika kofia yake juu yake.

Nikaleta kuku. Mama mkwe akampika kwa nyanya ya kopo, mchuzi mzito mwekundu, nisiseme uongo, ulinukia. Baba akanena maneno mazuri, kwamba damu ya ujana huchemka, kwamba yaishe. Kisha akaichagua firigisi kwa vidole vilevile, akaniwekea kwenye wali wangu. Firigisi hapewi mtu ovyo. Niliimeza bila kutafuna, machozi yakinilenga, nao wakadhani ni majuto.

Mke wangu hakudanganyika. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Kesho unasimama palepale?"

Nikamwambia mzee ameelewa. Akasonya, akatangulia.

Asubuhi nikaingia karakana. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshafunga visu. Leo hakitoki, nimekiwekea bati jipya."

Nikainama kutazama. Kisu kilekile cha springi. Nyuma yake kulikuwa na bati jekundu, linameremeta mate, na juu yake nusu ya picha ya nyanya. Kopo la mchuzi wa kuku wangu.

"Sukuma," akasema.

Spana alikuwa bado ameishika. Nikaichukua mkononi mwake, nikalegeza nati, nikatoa visu vyote viwili nikavitia mfukoni, na spana nayo nikaitia. Akabaki mdomo wazi, ugoro wote unaonekana. Sikungoja aite mtu. Nilitoka, nikaenda sokoni, nikanunua kuku wa pili.