Maji ya Kijani Kwenye Chemchemi

Nimekulia Tunduma, kwenye nyumba ambayo mama alikuwa akiuza vitenge na mchele kwa Wazambia waliovuka mpaka. Nilikwenda chuo kikuu nikiamini kwamba huko ndiko majibu yanakohifadhiwa, na kwamba kazi yangu ingekuwa kuyanakili na kuyarudisha siku ya mtihani. Mwaka wa kwanza ulinithibitishia hivyo. Nilikariri, nikafaulu.

Mwaka wa pili tukapata mhadhiri wa somo la maji ya chini ya ardhi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ukikaa nyuma humsikii. Siku ya kwanza hakutusomea kitu. Alituambia kila mmoja aandike swali moja kuhusu maji ya kwao, swali ambalo watu wanagombana kwa ajili yake na hakuna mwenye uhakika wa jibu.

Mimi niliandika habari ya mama mkubwa. Dada huyo wa mama yangu aliolewa bondeni, upande wa Saza, wakati eneo lile lote lingali sehemu ya Mbeya. Kijiji chao kilikunywa maji ya chemchemi moja iliyotoka chini ya mawe ya chokaa, na kila msimu wa mvua watoto waliharisha, wengine wakafa. Miaka michache kabla sijaandika swali lile walikuwa wamehamia wafugaji na makundi makubwa ya ng'ombe, wakawa wanayanywesha kwenye bwawa la juu kilimani. Wenyeji wakasema uchafu wa ng'ombe ndio unaoshuka chemchemini. Wafugaji wakakataa, maana watoto wao nao waliugua vilevile. Ugomvi ulipokua, zizi moja likachomwa moto.

Mhadhiri alisoma swali langu, kisha akaniuliza jibu lake ni nini. Nikamwambia kule kila mtu anasema ni ng'ombe.

"Nimekuuliza wewe," akasema.

Nikakiri kwamba sijui.

"Hata mimi sijui. Basi twende tukaone."

Mwenzangu mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka. Tangu darasa la kwanza sikuwahi kumsikia mwalimu akitamka kwamba hajui, tena kwa utulivu ule, kama mtu anayefungua mlango.

Tulifika Vwawa kwa basi, kisha tukateremka bondeni kwa gari la mizigo, mvua zikiwa zimekolea. Mhadhiri aliomba mkutano wa kijiji kabla hatujagusa tone la maji, na akasisitiza wafugaji nao waitwe. Ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wenyeji walijaza madawati ya mbele, wafugaji wakasimama karibu na mlango.

Alieleza kwamba tuna unga wa rangi mbili, nyekundu na kijani. Tutaumwaga mahali maji yanapozama ardhini, halafu tutangoja chemchemini tuone rangi gani itatokea. Na matokeo, alisema, yatasemwa kwanza hapahapa, mbele yao wote, kabla hayajaandikwa popote.

Mama mmoja wa kifugaji, mtoto mgongoni, aliuliza kama watafukuzwa endapo rangi ya bwawani itatokea. Mhadhiri alimjibu kwamba hawezi kumwahidi watu watafanya nini. Anachoweza kumwahidi ni kwamba wataona kwa macho yao wenyewe, na wataona pamoja.

Kisha mama mkubwa akasimama. Alikuwa na sauti kubwa kuliko wote pale kijijini, na ndiye aliyeongoza maneno dhidi ya wafugaji. Alitaka kujua kama rangi hiyo si sumu. Mhadhiri hakubishana naye. Alidondosha kidogo ya kijani kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa, akanywa, akanipa mimi. Nikanywa. Hayakuwa na ladha yoyote. Mama mkubwa alinikazia macho kama anayengoja nianguke, na alipoona sianguki, akachukua kikombe akamaliza kilichobaki. Darasa zima likacheka, hata wale wa mlangoni.

Hatukumwaga rangi siku hiyo. Mhadhiri alitutembeza kilimani siku kadhaa, akitutaka tufuate kila kijito mpaka kinapoishia. Nilikuwa nimetarajia vipimo na hesabu, na kumbe kazi kubwa ilikuwa miguu. Katika kutembea huko tukakuta korongo nyuma ya uwanja wa gulio. Maji ya mvua yalipita gulioni, yakakokota taka na maji ya choo cha soko, yakafika chini ya jiwe kubwa na kupotea. Ukiinama ulisikia ardhi ikiyameza. Kila mtu pale kijijini alilifahamu shimo lile, ila hakuna aliyewahi kulifikiria pamoja na chemchemi, iliyokuwa mbali, ng'ambo ya mashamba. Mhadhiri aliamua nyekundu imwagwe bwawani, kwenye ukingo unaovuja, na kijani shimoni, zote asubuhi moja.

Kulinda chemchemi walipangwa wenyeji na wafugaji wawili wawili, pamoja na mwanafunzi. Mama mkubwa na yule mama wa kifugaji waliomba wawe wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake aangalie peke yake. Nikakaa kati yao.

Mchana mawingu yalifunguka. Mwanzoni nilidhani ni kivuli cha majani. Halafu maji yakaanza kung'aa kutoka chini ya mwamba, kijani cha jani changa la mgomba linapopigwa na jua, mstari mwembamba kwanza, kisha upana wote wa chemchemi. Yalikuwa kama yana taa ndani yake. Watu waliokuwa wakiteka maji waliweka ndoo chini na kusogea, wengine wakaja kutoka mashambani. Nilikuwa nimeandika habari za mikondo ya chini ya ardhi kwenye mitihani na kupata alama nzuri. Sasa mkondo wenyewe ulikuwa umepita chini ya nyumba, chini ya mahindi, chini ya majivu ya lile zizi, ukafika miguuni kwangu.

"Hiyo ni ya wapi?" mama mkubwa akaniuliza, ingawa alijua.

"Ya gulioni, mama mkubwa."

Akaketi juu ya jiwe. Yule mama wa kifugaji alichovya mkono, akauinua, kijani kikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Kumbe sote tunakunywa gulio," akasema taratibu.

Nyekundu hatukuiona siku ile wala siku zilizofuata. Kwenye mkutano mwenyekiti wa kijiji alitaka kutangaza kwamba wafugaji hawana hatia kabisa. Mhadhiri akamzuia. Alisema tulichoona ni kwamba nyekundu haikutokea katika siku hizi, na hatujaona kwamba haiwezi kutokea kamwe, kwa hiyo bwawa nalo liendelee kuangaliwa. Wafugaji wengine walinung'unika. Ingekuwa rahisi kwake kuwaacha watu wapige makofi, naye hakuwaacha. Hapo nilimstahi kuliko nilivyowahi kumstahi mwalimu yeyote.

Mama mkubwa akasimama, safari hii bila kupaza sauti. "Mimi ndiye niliyesema sana," alisema. "Lile zizi lijengwe upya. Miti nitabeba mimi."

Waliamua choo cha soko kihamishwe upande wa pili wa kilima na shimo lizungushiwe ukuta wa mawe. Tulibeba mawe pamoja nao mpaka siku ya kuondoka. Tuliporudi chuoni, mhadhiri alikataa ripoti zetu mpaka tuziandike upya kwa Kiswahili ambacho mama mkubwa angekisoma bila kutuita tumfafanulie. Kuandika hivyo kulinitoa jasho kuliko mtihani wowote.

Msimu wa mvua uliofuata nilikwenda kuwasalimu. Muuguzi wa zahanati aliniambia watoto bado wanaugua, lakini benchi la kungojea halijai kama zamani. Mama mkubwa hakuwa na muda wa kukaa na mimi. Yeye na yule mama wa kifugaji walikuwa wamegundua shimo jingine linalomeza maji, karibu na malisho, na hawakuwa na unga wa rangi. Walikuwa wamemwaga humo gunia la makapi ya mahindi, kisha wakagawana watu kwenye kila chemchemi na kila kijito cha bondeni.

"Makapi yametokea wapi?" nikawauliza.

"Bado," mama mkubwa akajibu, macho yakiwa kwenye maji. "Kaa pale, na wewe uangalie."

Nikavua viatu, nikakaa.