Wanaume Waje na Majembe

Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana huku Ngara, ingawa shule niliishia darasa la nne. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Siku hizi mwandiko hauna kazi. Barua zinachapwa mjini, kwenye steshenari ya mjukuu wangu.

Kila kaya ina barua yake, na zote sitini zimo kwenye folda moja ya kompyuta. Kifo chenyewe tunaambiana kwa mdomo. Barua inataja wajibu tu. Zamani mjukuu alifungua moja, akaandika tangazo, akafunga, akafungua nyingine, na kabla hajamaliza marehemu alikuwa ameshazikwa. Sitanii. Yalimkuta shemeji yangu. Alikuwa mkorofi, lakini si kwa kiasi hicho. Ndipo mjukuu akatengeneza kitu kinaitwa makro. Unabonyeza mara moja, yenyewe inafungua kila barua iliyomo kwenye folda, inabandika tangazo chini, inachapa, inahifadhi, inafunga. Alinifundisha, nikaweza.

Basi mjukuu wangu huyo akaja kuposwa na watu wa Nyakahura. Barua ya kukubali ilikuwa juu yangu, maana si vizuri binti aandike mwenyewe kwamba ametolewa. Nikachapa kwa vidole viwili asubuhi nzima, nikaihifadhi mahali ninapopajua: folda ile ile ya barua za chama.

Kesho yake jirani akafariki. Nikabonyeza. Karatasi zikatoka, ile ya Nyakahura nikaitia kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi. Sikuisoma. Niisomee nini, na nimeiandika mwenyewe?

Mchana mjukuu akafungua folda, akanisomea: “Tumekubali kijana wenu amuoe binti yetu. Kila kaya ilete mzigo wa kuni. Wanaume waje na majembe. Asiyefika ataulizwa.”

“Babu, umeniharibia!”

“Si mimi, ni makro yako.”

“Makro imefanya ulichoiambia. Umeiambia folda nzima!”

Nikataka kupiga simu Nyakahura nieleze. Akaninyang'anya simu. “Usiongeze hata neno moja.”

Wiki ikapita bila habari kutoka Nyakahura. Chakula alinipa bila kunitazama, na chumvi hakuweka.

Jumamosi wakashuka kwenye basi watu kumi na mmoja wa Nyakahura, kuni kichwani, majembe mapya begani. Baba wa kijana akanisalimu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Barua tumeisoma. Jembe tumelielewa, babu zetu walioa kwa jembe. Tukasema hawa ni watu wanaojua mila. Kuni hatukuelewa, lakini tumeleta.”

“Mmefanya vizuri.”

“Ila shangazi wa kijana hakufika, anaumwa miguu. Mmeandika ataulizwa. Anaulizwa na nani?”

“Amesamehewa,” nikasema.

Mjukuu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, anasikiliza. Akatoka, akapiga goti, akampokea baba mkwe mzigo wa kuni, akauingiza ndani.