Jicho la Kazi

Mashine yetu ya kuchomelea vyuma ilikaa nje ya chumba tulichopanga Kangemi, juu ya mbao mbili ili isiguse maji. Kuitunza ilikuwa kazi yangu. Asubuhi, kabla ya kuwasha umeme, nilipuliza vumbi ndani yake, nikakaza nati, kisha nikakagua nyaya zote. Palipochanika nilifunga upya kwa utepe. Kaka yangu alinicheka.

"Unaibembeleza kama ng'ombe wa maziwa."

Yeye ndiye aliyechomelea. Alivaa miwani ya jua tu, ile inayouzwa kando ya barabara, na kufumba jicho la kulia. Mafundi wengi wa kwetu hufanya hivyo: jicho moja ni la kazi, jingine ni la akiba. Jioni, jicho la kushoto likiwasha kama limetiwa mchanga, alilala na kipande cha kiazi kibichi juu yake. Asubuhi alinawa akarudi kazini.

Mwaka huu alianza kukosea. Alichomelea geti la mteja wa Loresho, mstari ukapita pembeni ya kiungo. Tulipolisimamisha, kiungo kikaachia.

"Vyuma vya siku hizi ni bure," alisema.

Kisha siku moja akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akanitazama.

"Uso wako hauna pua," akasema, akicheka. Mimi sikucheka.

Hospitalini Parklands, daktari alisema mwanga umechoma nyuma ya jicho la kushoto, na hapo hapaponi.

"Na hili la kulia?" kaka aliuliza.

"Hilo ni zima."

Tulipokaribia nyumbani, alisema: "Basi sasa nitakuwa nafumba la kushoto."

Mimi si mtu wa maneno. Nilinunua maski ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi. Kaka akaitundika msumarini.

"Ndani ya hiyo ni giza tupu. Nitaonaje pa kuanzia?"

Kesho yake aliinama juu ya geti lile lile, rodi ya kuchomelea mkononi, akafumba jicho la kushoto. Nikazima swichi.

"Washa."

"Vaa kwanza."

"Tangu lini unanipa amri?"

Mkono wangu ulibaki kwenye swichi. Alichuchumaa, akalitazama geti ambalo mteja alikuwa analisubiri. Halafu akainuka, akaitoa maski msumarini, akanivika mimi.

"Basi choma wewe."

Nilichoma. Alisimama nyuma yangu, ameugeukia ukuta, kiganja juu ya jicho lililobaki, akisikiliza. Kazi ikienda vizuri husikika kama nyama ikikaangwa.

"Sauti imekatika," alisema. "Rudia hapo."

Nikarudia.