Riwaya Niliyomtungia Wifi Yangu

Nilikuwa nimebana pini za nywele mdomoni, siwezi kusema hata "mmh", nikajisikia naongea redioni.

Si utani.

"Mpenzi msomaji, riwaya ni kama msuko. Usiianze kama huna subira ya kuimaliza, utatoka na kichwa nusu."

Maneno yangu hayo. Nayasema kila siku saluni kwangu. Ila sauti ilikuwa ya wifi yangu.

Mteja niliyekuwa namsuka, mwalimu wa chekechea, aligeuka kwa nguvu mpaka rasta ikanitoka mkononi. "Dada, huyu si anaongea kama wewe?"

Nikatema pini.

Ngoja nikupe mkanda mzima.

Mimi ni msusi. Ukikaa kwenye kiti changu hutoki hivi hivi: kichwa kinapata msuko, masikio yanapata riwaya. Msuko wa haraka, nakutajia hadithi nyepesi, ya mapenzi na wivu. Rasta ndogondogo za kutwa nzima, nakupa zile nzito za zamani, ambazo bibi zetu walizisoma wakazifichia chini ya godoro. Mwenye mimba simpi ya msiba. Aliyeachika simpi ya harusi mpaka kidonda kikauke. Rafu ya vitabu iko kati ya mafuta ya nywele na taulo. Wanawake wanaazima, wanarudisha, wanagombana kuhusu nani alikosea, mke au mchumba. Saluni inajaa hata wasiosukwa.

Basi redio ya mjini ikatangaza inatafuta mwanamke wa kupendekeza riwaya kwa wanawake wenzake kila wiki.

"Shoga, hiyo kazi imeshonwa kwa vipimo vyako!" akasema fundi cherehani wa mlango wa pili.

Nilikuwa na kichwa cha bibi harusi na wapambe wake, siwezi kufunga saluni. Nikajirekodi kwenye simu, nikamtumia wifi yangu, dada wa mume wangu, maana anafanya kazi jirani na redio.

"Wifi, nipelekee."

"Toa shaka, wifi yangu kipenzi."

Kipenzi! Alisikiliza, akakariri, akaenda kujinadi mwenyewe. Mwanamke ambaye hajawahi kumaliza kusoma hata maelezo ya chupa ya shampuu.

Nikampigia. "Wifi, umenifanyia nini?"

"Maneno yalikuwa hewani. Uliyawekea uzio?" Akacheka. "Halafu we mikono yako imejaa mafuta, utashikaje maiki?"

Nikamweleza mume wangu. Akakuna kidevu. "Ni dada yangu yule. Yapite."

Yapite? Yapite wapi, na mlango nimeukalia mimi?

Nikanyamaza. Anayenijua, akiona nimenyamaza, hukimbia. Wifi hakukimbia. Wiki iliyofuata alikuja kusukwa, simu iko mapajani inarekodi, kaifunika na mtandio. Kaishiwa maneno, kaja kuchota mengine.

Nikawakonyeza wateja.

"Jamani, nimepata riwaya ya zamani, inaitwa Sauti ya Kuazima. Sijalala!"

"Tupe!" mwalimu akadakia.

"Kuna mwanamke ana sauti tamu ya kuimba. Dada wa mumewe anaiazima, aende nayo sherehe moja tu. Hairudishi ng'o! Anaimba nayo kila harusi, anatunzwa, anavishwa mashada, mwenye sauti kabaki bubu jikoni."

Fundi cherehani akajiuma mdomo asicheke. "Nyang'au huyo!"

"Eti wifi," mwalimu akamgeukia, "si nyang'au?"

"Nyang'au kabisa," wifi akajibu, vidole vinahangaika chini ya mtandio. "Mwishoni anafanywaje?"

"Mwisho hausimuliwi." Nikamkaza msuko mpaka nyusi zikapanda. "Kasome."

Siku ya kipindi saluni ilifurika. Wengine walikalia ndoo.

Wifi akaanza kwa madaha: "Wasikilizaji, Sauti ya Kuazima ndiyo riwaya bora kuliko zote nilizosoma. Nimeirudia mpaka jalada limechanika."

Tulicheka hadi draya ikaanguka. Mtangazaji akafungua laini za simu, nami nikangoja wasikilizaji wamuumbue.

Wapi!

Mpigaji wa kwanza: "Hongera dada! Hata mimi nimeisoma. Ile sehemu ya harusi nililia!"

Tukatazamana. Wa pili naye kaisoma. Wa tatu, mwanamke mtu mzima, alidai aliisoma usichanani, enzi ambazo vitabu vilikuwa vitabu. Sauti hiyo naijua.

Mama mkwe wangu!

Riwaya isiyokuwepo duniani, mji mzima umeisoma. Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba. Na wifi anazidi kupaa.

Nikasema haiwezekani. Nikapiga mwenyewe.

"Nami naipenda sana riwaya hiyo, dada. Nikumbushe tu. Yule mwizi wa sauti, mwishoni alipatwa na nini?"

Alishanijua.

"Mwisho... si vizuri kuwaharibia wasikilizaji uhondo."

"Si wote wameshaisoma? Basi nitasema mimi. Mwishoni mwenye sauti alipiga simu, mji mzima ukisikiliza, akasema: wifi, nirudishie."

Mtangazaji akaingilia. "Samahani mama, hilo ni toleo gani?"

"Halijatoka, kaka. Riwaya hiyo haijaandikwa. Niliitunga hapa saluni, nikimsuka huyo huyo aliyeirudia mpaka jalada likachanika."

Wakaweka muziki. Muziki mrefu.

Kesho yake asubuhi, mama mkwe huyo mlangoni. Nikajiandaa kwa vita. Akaingia, akaketi kwenye kiti, akafungua kilemba.

"Nisuke taratibu, mwanangu." Akakohoa. "Na huyo mwenye sauti, alimsamehe wifi yake?"

"Si ulisema umeisoma, mama?"

"Miaka mingi. Nimesahau."

"Bado sijafika huko," nikamwambia. "Na sina haraka."

Redio walinifuata wenyewe. Mikono hii hii ya mafuta ndiyo inayoshika maiki sasa. Na Sauti ya Kuazima naiandika kweli, kati ya kichwa na kichwa, maana wanawake wanaiulizia kila siku, hasa wale walioisoma.

Wifi anasukwa mtaa wa pili. Nasikia wanamvuta mpaka nywele za pembeni zimekimbia. Sijacheka.

Sawa, nimecheka.

Juzi mume wangu kaniomba nikamtake radhi dada yake. Nikakuna kidevu.

"Yapite," nikamwambia.

Wewe unayesoma, chukua hili: ukiiba maneno ya mtu, iba na mwisho wake. Ukiuacha, mwenyewe atakuja kukumalizia.