Saa Moja Nyuma

Nyumbani kwetu, redio ya mama ikilia ile milio ya kutangaza saa, lazima mtu aseme, "Ongeza moja." Ilikuwa hivyo tangu sijaanza shule. Mama alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, akavushwa akiwa amebebwa mgongoni, na redio yake haikuwahi kutoka kwenye kituo cha Kigali. Alisikiliza nyimbo za kanisa na matangazo ya watu wanaotafutana, akinyamaza kabisa majina yakisomwa. Kule saa iko nyuma ya kwetu. Wakisema saa mbili, huku Karagwe ni saa tatu. Basi mama yuko jikoni anamenya ndizi, milio inalia, na aliye karibu anasema "ongeza moja" hata kama mdomo umejaa maharage. Tulikuwa tunashindana nani ataiwahi.

Naandika nikiwa kidato cha nne. Mambo yenyewe ni ya Desemba iliyopita, nikiwa likizo. Mengi yamo kwenye daftari langu la kila siku, ila kuna ukurasa mmoja niliuandika uongo hata humo.

Baba ni mtu wa redio kwenye kituo kimoja cha afya cha misheni, juu ya kilima upande wa Kaisho. Zamani alishika kipaza sauti na kuita mpaka koo linakauka, "Bukoba, Bukoba, unanipata?" na kule makao makuu mama mmoja mwenye kikohozi alimjibu. Kisha ikaletwa kompyuta ya kutumia umeme wa jua, ikaungwa na ile redio. Sasa unaandika ujumbe, mashine inaupeleka yenyewe hewani, Bukoba mashine nyingine inaupokea. Yule mama mwenye kikohozi akarudishwa kwao. Tangu hapo hapakuwa na sauti ya mtu upande wa pili.

Kila kituo kilikuwa na zamu yake. Sisi tulipewa dakika kumi kuanzia saa nne na nusu asubuhi, na dakika kumi nyingine kuanzia saa tisa alasiri. Mashine ilianza kuita dakika ya kwanza ya zamu tu; ikiikosa hiyo inangoja zamu nyingine. Nje ya hapo ukiita hakuna anayesikiliza, na kitufe cha kuita kwa mkono kilikuwa kimefungwa ili vituo visigongane. Ndiyo maana saa ya mashine ilipaswa kuwa sawasawa na ya Bukoba. Kila nusu saa Bukoba ilitangaza saa hewani, mashine za vituo vyote zikajirekebisha. Baba aliipenda sana hiyo. Alikuwa akirekebisha saa ya ukutani kwa kuangalia kompyuta, anasema, "Hii inashuka kutoka juu, haina ubishi."

Wiki ya kwanza ya likizo alikuja fundi kutoka Mwanza na diski saba za programu mpya. Nilikuwa nimempelekea baba chakula. Mvua ilikuwa imefunga upande wa mto, na dereva wa fundi alikuwa anapiga honi kwa sababu barabara ya Kibingo ikilowa gari halipiti. Diski sita zilishaingia. Baba yuko nje anakaza waya wa antena kwenye mlingoti.

"Dada, Kiingereza unakisoma?" fundi akaniuliza.

Mimi nikiulizwa na mgeni naangalia miguu yangu. Nikasema nakisoma.

"Basi diski ya mwisho itauliza maswali mawili matatu. Jibu ukweli tu, halafu bonyeza hapa. Mwambie mzee nimekimbia mvua."

Swali la kwanza lilikuwa jina la kituo. La pili lugha. La tatu lilisema: andika mji mkubwa ulio karibu zaidi nawe. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa jiografia, na nilikuwa nimepima mambo haya kwa rula kwenye atlasi ya shule. Kutoka kilima chetu Kigali ni karibu kuliko Bukoba, achilia mbali Dar es Salaam. Nikaandika Kigali. Mashine ikanishukuru, nikabonyeza, nikaenda zangu kuosha vyombo. Jioni nikaandika kwenye daftari kwamba leo nimefanya kazi ya kompyuta peke yangu.

Siku hiyo hiyo mama alilazwa. Alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba mpaka kandambili haziingii. Tabibu wetu ni mama wa Kihaya mwenye sauti ya kujaza wodi, na hatanii akiwa ameshika kipimo cha presha. Alipima, akapima tena mkono wa pili.

"Huyu hakai hapa," alimwambia baba. "Anahitaji gari la makao makuu, tena lije na dawa, maana ya kwangu imebaki chupa moja. Andika sasa hivi, Bwana Mitambo."

Baba akaandika. Kesho yake saa nne na nusu tukasubiri ujumbe uondoke. Haukuondoka. Kwenye skrini ilionyesha saa tatu na nusu. Baba akatazama saa yake ya mkono, akatazama ya ukutani, akacheka kidogo.

"Imechoka na safari ya hizo diski," akasema. Akairudisha mahali pake kwa mkono, akaenda kunywa uji.

Saa tisa akaikuta inasema saa nane. Ujumbe ulikuwa umekaa palepale.

Sijui nieleze vipi siku zile mbili zilizofuata. Ni kama kuangalia mtu anachota maji kwa ndoo yenye tundu. Baba anairekebisha saa, anakaa mbele yake mikono magotini, anaisubiri. Inakwenda vizuri, dakika kwa dakika, sawa na saa yake ya mkono. Ikifika nusu saa, Bukoba ikitangaza, namba zinaruka nyuma bila kelele yoyote. Kisha saa moja baadaye, zamu yetu ikiwa imekwisha kitambo, mashine inaita. Inaita vizuri tu, redio inalia kama nyuki, na hakuna anayejibu. Hilo la kuita ndilo lililonitisha. Ilikuwa inaita kwa bidii mahali pasipo na mtu.

Baba alibadilisha betri. Akapanda mlingoti mvua ikinyesha, akashuka mikono imechubuka. Akafungua kifuniko cha mashine, akapuliza vumbi. Aliizima usiku mzima, asubuhi akaiwasha. Ilipofika nusu saa ikarudi nyuma. Alianza kuzungumza nayo kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, lugha anayotumia na ng'ombe mkaidi.

Mlinzi wa geti alisema labda kuna mtu hataki gari lije. Hakuna aliyecheka.

"Yule kijana wa Mwanza ametuua," baba alisema siku ya tatu asubuhi, zamu ya saa nne na nusu ilipopita tena. Watu walikuwa wamejaa barazani wakisubiri vipimo, wote wakasikia. "Ameleta diski mbovu akakimbia. Nitaandika barua mpaka afukuzwe kazi. Nitaandika!"

"Na ukishaandika utaituma na nini?" tabibu akamjibu. Halafu akashusha sauti, akamvuta baba mlangoni nilipokuwa nimesimama na birika. "Hebu niambie. Inarudi nyuma kiasi gani?"

"Saa moja."

"Saa moja kasoro? Saa moja na ushee?"

"Saa moja kamili."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi hiyo si betri, bwana wee. Kitu kilichoharibika hakikosei kwa kipimo. Hiyo imeambiwa." Akamwangalia baba. "Na aliyeiambia ajue presha ya mkeo leo asubuhi sikutaka hata kuitamka mbele yake."

"Si tumtoe kwa pikapu ya kahawa?"

"Alale juu ya magunia mpaka Omurushaka, na barabara hii? Nitakuwa nakupa maiti."

Nilimpelekea mama chai. Alikuwa amelala kwa ubavu, uso umejaa kama wa mtu mwingine, redio ndogo iko kwenye mto karibu na sikio. Alisema anaona nyota nyota ukutani. Nikasema ni jua la dirishani. Akaniuliza gari limefika wapi, nikasema liko njiani. Hapo milio ikalia, na yule mtangazaji wa Kigali akasema ni saa nne kamili.

Mama alifumba macho. "Ongeza moja," akasema.

Birika lilinitoka mkononi. Chai yote ikamwagika sakafuni, mama akashtuka, akasema maawe, umeungua? Nikasema hapana. Nilikuwa naona ile rula juu ya atlasi. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inasikia saa ya Bukoba vizuri kabisa, halafu inaitoa moja, kwa sababu mimi niliiambia inakaa Kigali.

Ilikuwa saa tano. Zamu iliyofuata ilikuwa saa tisa. Nilikuwa na saa nne za kufungua mdomo.

Kwenye daftari niliandika kwamba niligundua alasiri. Si kweli. Niligundua saa tano, na nikatoka wodini nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Nilijiambia namsubiri baba abaki peke yake. Alibaki peke yake mara mbili, nikamwona. Mara ya kwanza alikuwa anaandika ile barua ya kumshtaki fundi, ameinama, ulimi nje kama mtoto. Mara ya pili nilifika hadi mlangoni.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuchukua sahani."

"Si umeshazichukua?"

Nikaondoka. Alipokwenda kuangalia hali ya mama niliingia kuirekebisha mwenyewe, asijue mtu. Nilitafuta lile swali la tatu kila mahali, halipo. Linatoka ukiingiza diski ya saba tu. Diski zilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko kwenye kamba shingoni mwa baba. Nilisimama pale nikitazama kitasa. Namba za mashine zilikuwa zinahesabu, zinahesabu. Baba alikuwa ameiweka sawa tena, akiamini labda safari hii itakubali.

Saa tisa tulisimama wote mbele yake: baba, tabibu na mimi. Nilikuwa najua kitakachotokea, wao hawajui. Namba zikaruka zikawa saa nane. Baba alitoa kofia akaiweka juu ya meza.

Muda mfupi baadaye tulisikia kelele wodini. Mama alikuwa amekakamaa, meno yamebana, mikono inapiga godoro. Tabibu alipiga magoti kitandani akamgeuza, akaagiza kile kichupa cha mwisho cha dawa. Baba alishika miguu. Redio ilikuwa imeanguka chini na inaendelea kuimba.

Ilipotulia, nilisema. Nilisema palepale, mbele ya tabibu na wagonjwa wengine wawili, nikiangalia miguu yangu. "Ni mimi. Niliiandikia Kigali."

Baba hakuelewa. Tabibu ndiye aliyeelewa. Alijifuta jasho, akamwambia baba kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao, "Mpe mtoto ufunguo."

Tuliingiza diski ya saba. Swali lilipokuja vidole vyangu havikutaka kubonyeza, baba akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: Bukoba. Ilipofika nusu saa namba hazikuruka. Zilipita tu, kama hakuna lolote lililowahi kutokea. Lakini zamu ya siku hiyo ilikuwa imepita, hatukuwa na nyingine mpaka kesho.

Kesho yake saa nne na nusu ujumbe uliondoka, na kabla dakika kumi hazijaisha jibu likaja: gari linaondoka. Lilifika saa kumi na moja jioni, limepakwa matope mpaka kwenye vioo. Mama alipanda akiwa hai. Tabibu alipanda naye. Kabla naye hajapanda, baba alitaka kuniaga, asijue anishike wapi, akanigusa begani.

Mtoto alizaliwa Bukoba, wa kiume, hakulia, akazikwa hukohuko. Mama alikaa huko wiki tatu.

Ile barua ya fundi baba aliichoma. Hajawahi kunigombeza, wala hajawahi kuniuliza niligundua saa ngapi. Nadhani amehesabu, maana alijua nilikuwa wodini na birika, na nadhani ameamua asijue. Tabibu siku hizi ananiita "mwalimu wa jiografia", kwa utani, halafu anajutia na kunipa biskuti.

Mama ndiye aliyeuliza. Ilikuwa Januari, siku moja kabla sijarudi shule. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, yeye amekaa kwenye kiti kwa sababu bado hana nguvu za kuchuchumaa.

"Siku ile ulimwaga chai," akasema. "Ulikuwa umeshajua?"

Kisu changu kilikuwa katikati ya ndizi. Kwenye daftari nilikuwa nimeshaandika alasiri, na wengine wote nilikuwa nimewaacha waamini hivyo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikuwa nimeshajua."

Aliendelea kumenya. Alimaliza ile aliyoshika, akaiweka majini, akachukua nyingine. Mikono yake ilikuwa imepungua, pete imefungwa uzi isidondoke. Nilisubiri aniambie nitoke. Juu ya kinu redio ililia milio yake sita, mtangazaji akasema ni saa kumi.

Mimi nilikuwa karibu zaidi na redio. Niliingiza kisu kwenye ndizi. Mama naye alimenya. Tulikaa hivyo, na nyimbo zikaanza, na hakuna aliyeongeza.